Maji ya Masalani, Kaa wa Kipini

Masalani haina bahari. Mji huu, makao makuu ya kaunti ndogo ya Ijara, uko upande wa mashariki wa Mto Tana, na ukipima kwa mstari ulionyooka hadi Kipini, mto unapomwagikia baharini, utapata kama kilomita mia moja. Wakazi wengi ni Wasomali wafugaji. Kandokando ya mto wamo Wapokomo, wakulima wa migomba na mpunga, mabingwa wa mtumbwi na wa kambare. Kaa haingii katika sahani za hapa. Wafugaji wa upande huu wa Afrika kwa vizazi vingi hawakuona hata samaki kuwa chakula, na wanazuoni wengi wa madhehebu ya Shafi, ambayo Wasomali na Waswahili wengi huyafuata, walimweka kaa katika kundi la wanyama waishio nchi kavu na majini, wasiofaa kuliwa. Pwani jambo hili lina mjadala wake na wapo wanaomla. Ijara halina mjadala.

Hata hivyo, anayetaka kuifahamu biashara ya kaa wa Kenya hana budi kuanzia hapa, kwa sababu maji yanayopita Masalani ndiyo yanayomlea kaa wa kule chini.

Kaa anayezungumzwa ni kaa koko, yule mkubwa wa kijani kibichi cha giza, mwenye magando yanayoweza kuvunja kidole. Wanasayansi humwita Scylla serrata. Aliyemwandika kwa mara ya kwanza katika vitabu vyao alikuwa Peter Forskål, mwanafunzi wa Linnaeus, aliyesafiri na msafara wa mfalme wa Denmark kwenda Bahari ya Shamu na Yemen. Forskål alifia Yemen mwaka 1763, na maandishi yake yakachapishwa mwaka 1775 na mwenzake Carsten Niebuhr, ambaye katika msafara ule ndiye pekee aliyerudi hai. Kaa yuleyule yumo Lamu, Rufiji, Madagaska, Sri Lanka, Australia na hata katika visiwa vya Pasifiki.

Maisha yake ni ya safari. Kaa hukulia katika matope ya mikoko, mahali maji ya mto na ya bahari yanapochanganyika. Huchimba shimo lake, hula kome, konokono na kaa wadogo, na hujivua gamba kila anapotaka kukua. Majike yaliyokwisha pandwa hutoka mikokoni yakaenda baharini kutaga, kila moja likibeba mayai kwa mamilioni chini ya tumbo. Lava, yaani watoto wake wachanga, huelea katika maji ya chumvi kwa wiki kadhaa, wakila viumbe wasioonekana kwa macho, kisha wachache walionusurika hurudi na maji kujaa hadi mikokoni. Mzunguko huo unahitaji bahari safi upande mmoja, na upande wa pili mto unaoleta maji baridi na udongo wa rutuba. Ukiharibu upande mmoja, wa pili hauwezi kulipa deni lake.

Kabla kaa hajawa bidhaa, mikoko yenyewe ndiyo iliyokuwa mali. Kwa karne nyingi majahazi yalifika Lamu na kaskazi, yakapakia boriti za mikandaa, yakaondoka na kusi kwenda Arabuni na Ghuba ya Uajemi, nchi zisizo na miti ya kuezekea. Upana wa vyumba vya nyumba za kale za Waswahili ulifuata urefu wa boriti. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, watawala wa usultani wa Witu walichimbisha mfereji wa Belezoni kuunganisha Tana na mto mdogo wa Ozi, ili mitumbwi ya nafaka iweze kufika Kipini bila kupita mlango hatari wa mto uliokuwa upande wa kusini-magharibi. Mto ukaupenda mfereji. Taratibu maji ya Tana yakahamia huko, na Kipini ikawa mdomo wa mto mkubwa kuliko yote nchini. Wakati huohuo ndugu wawili Wajerumani, Clemens na Gustav Denhardt, walikuwa wakizunguka huko na mikataba yao. Mwaka 1885 Witu ikatangazwa kuwa chini ya ulinzi wa Ujerumani, na mwaka 1890 ikakabidhiwa Waingereza kwa makubaliano yaliyofanyika Ulaya. Wakoloni wakaja na leseni za kukata boriti. Leseni ya kaa haikuwapo, kwa kuwa hapakuwa na tajiri aliyemtaka.

Kaa wa wakati huo alikuwa kitoweo cha anayemla, chambo cha mshipi, na kazi ya vijana na wanawake waliotembea matopeni maji yakiwa yametoka. Biashara ya boriti ilififia nchi za Ghuba zilipopata mafuta na kuanza kujenga kwa saruji na chuma, na mwaka 1982 Kenya ikapiga marufuku kabisa kuuza boriti nje. Mikoko ikabaki, na leo Kenya ina hektari takriban 61,000 za misitu hiyo. Zaidi ya asilimia 60 iko Kaunti ya Lamu peke yake, na kipande kingine kiko Tana Delta.

Mnunuzi wa kwanza mwenye fedha za kutosha alikuja na utalii. Hoteli za Malindi na Watamu zilihitaji kamba na kaa, na kamba koche wa Kizingitini na Kiunga akapata bei ambayo wavuvi wa zamani hawakuiota. Kaa koko alifuata nyuma yake. Kisha, kwa nguvu zaidi katika miongo ya karibuni, akaja mnunuzi wa Asia ya Mashariki, na hapo ndipo mambo yalipobadilika. Mchina wa Guangdong au Hong Kong anamtaka kaa akiwa hai, na kaa koko ana kipaji adimu cha kukaa nje ya maji kwa siku kadhaa mradi awekwe mahali penye ubaridi na unyevu. Barafu haitakiwi, wala kiwanda. Inatosha kamba ya kumfunga magando, kikapu, gunia lililoloweshwa, gari, na ndege.

Wavuvi wa kaa hufuata mwezi. Wakati wa bamvua, katika pwani yetu, maji hutoka sana mnamo saa nne au saa tano za asubuhi. Mvuvi huingia mikokoni miguu mitupu au na viatu vya plastiki, ameshika fimbo ya chuma yenye ncha iliyopinda, akitafuta shimo lenye alama za magando. Huitumbukiza fimbo, husikiliza kwa mkono, na akimpata humvuta polepole ili asimvunje. Kaa aliyekatika gando bei yake huanguka. Wengine hutega malema yenye chambo cha utumbo wa samaki. Maji yakianza kujaa, kazi imekwisha, na kilichopatikana humngoja mchuuzi. Mchuuzi naye ana tajiri wake Malindi au Mombasa, ambaye ndiye aliyempa fedha za kuanzia. Mvuvi akikopeshwa na tajiri, kaa wake wana mwenyewe kabla hawajatoka shimoni. Hilo ni jambo la kusikitisha kuliko yote katika mnyororo huu, kwa maana bei inayopanda kule Hong Kong humfikia mvuvi wa Ozi ikiwa imekwisha katwa mara tatu au nne.

Hapa inafaa tutazame nchi nyingine, kwani mkondo huu wa mambo si wetu peke yetu.

Hakuna mahali mkondo huo ulipoonekana waziwazi kama Bristol Bay, huko Alaska. Kaa wa kule, anayeitwa kaa mfalme mwekundu, ni mkubwa mno, miguu yake iliyotandazwa huweza kuzidi mita moja na nusu. Wajapani walianza kumvua kabla ya Wamarekani, na meli za Wajapani zilizosindika kaa baharini ndizo Kobayashi Takiji aliziandikia riwaya mwaka 1929, akieleza mateso ya vibarua wa meli hizo. Miaka minne baadaye aliuawa mikononi mwa polisi. Baada ya Vita Vikuu vya Pili Wamarekani wakaingia kwa meli za chuma na mitego mikubwa yenye uzito wa mamia ya kilo. Mwaka 1980 Bristol Bay ilitoa kaa takriban tani 59,000. Mwaka uliofuata tani 15,000. Mwaka 1982 hazikufika 1,500. Mwaka 1983 uvuvi ukafungwa. Miaka mitatu tu ilitosha kutoka kileleni hadi sifuri, na meli zilizonunuliwa kwa mikopo wakati wa neema zikabaki gatini na madeni yake.

Wataalamu bado wanabishana juu ya mgawo wa lawama kati ya mitego, joto la bahari na samaki walao kaa wachanga. Ninachokiona mimi ni jambo jingine. Uwekezaji ulifikia kilele katika msimu uleule ambao kaa wachanga walikuwa wamekwisha pungua chini ya bahari, na soko halikuwa na njia ya kulijua hilo, kwa sababu soko huhesabu kaa waliokwisha vuliwa.

Alaska ilijifunza, kwa gharama. Tangu mwaka 2005 kila meli ina mgawo wake, na vikomo hupangwa kila mwaka baada ya sensa ya bahari. Lakini hata hesabu nzuri haikutosha. Kaa wa theluji wa Bahari ya Bering, ambao mwaka 2018 walikuwa wengi kupita kiasi, walitoweka kwa takriban bilioni kumi katika miaka michache. Bahari ilikuwa imepata joto lisilo la kawaida. Miili ya kaa katika maji ya joto huhitaji chakula zaidi, nao walikuwa wengi mno mahali pamoja, wakafa njaa. Oktoba 2022 uvuvi wao ukafungwa kwa mara ya kwanza katika historia yake. Hakuna mvuvi aliyekuwa amevunja sheria.

Norwei kisa chake kinakwenda kinyume. Wanasayansi wa Kisovieti walimhamisha kaa mfalme kutoka Pasifiki wakamwachia katika Bahari ya Barents katika miaka ya 1960, ili watu wao wapate chakula. Kaa akazaana, akatembea magharibi hadi fiodi za Norwei, akajaa katika nyavu za wavuvi wa chewa akiziharibu. Kwanza alikuwa balaa. Tangu 2002 ni bidhaa yenye mgawo rasmi upande wa mashariki, na upande wa magharibi wavuvi wanaruhusiwa kumvua bila kikomo ili asienee zaidi. Nchi moja, kaa mmoja, sheria mbili.

Kwa ndugu wa kaa wetu, mifano ya karibu ni Sri Lanka na Madagaska. Kaa wa Sri Lanka walijenga jina la migahawa ya Singapore, na wakubwa zaidi huenda ng'ambo huku wakazi wa kisiwani wakibaki na wadogo. Madagaska, yenye mikoko mingi ya pwani ya magharibi, iliona wanunuzi wa kaa hai kwa ajili ya China wakimiminika kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2010. Bei ilipanda, na kaa wadogo wakaanza kuonekana katika vikapu. Serikali ikapandisha kipimo cha chini cha gamba, ikaweka miezi ya kufunga uvuvi kila mwaka. Kabla ya hapo mradi mmoja wa kikanda ulikuwa umegundua jambo rahisi: kaa wengi walikuwa wakifa njiani kati ya kijiji na mnunuzi, kwa kurundikwa juani. Waliofundishwa kuwapanga katika matabaka yenye kivuli na kuwamwagia maji walipata fedha zaidi kwa kaa walewale. Hilo ningependa liandikwe katika kila kituo cha kupokelea samaki kati ya Kipini na Kiunga. Kaa anayekufa njiani amevuliwa bure.

Jimbo la Queensland nchini Australia limekwenda mbali zaidi. Huko ni haramu kisheria kuchukua jike, na dume lazima gamba lake lifike sentimita 15. Mtu wa Lamu akisikia hivyo huenda akacheka, kwani jike lenye mayai ndani ndilo linalopendwa zaidi katika soko la China. Lakini uvuvi wa Queensland umedumu vizazi kadhaa.

Turudi nyumbani. Historia ya kaa wa kaskazini mwa pwani yetu haikuandikwa na soko peke yake. Baada ya utekaji nyara wa wageni Kiwayu na Manda mwaka 2011, na jeshi la Kenya kuingia Somalia Oktoba mwaka huo, uvuvi wa usiku Lamu ulipigwa marufuku, na marufuku hiyo ikadumu miaka. Kwa mvuvi wa nyavu lilikuwa pigo kubwa. Mvuvi wa kaa wa fimbo hakuathirika sana, maana bamvua humpa kazi mchana, ila njia ya kupeleka mzigo sokoni ndiyo iliyomwumiza. Shambulio la Mpeketoni la Juni 2014, amri za kutotoka nje usiku, kisha operesheni ya Msitu wa Boni iliyoanza 2015, ziliifanya barabara kati ya Lamu na Garsen iwe ya msafara wa magari yenye ulinzi. Kaa hai hana subira ya msafara. Na Ijara, ambayo msitu huohuo unaingia katika ardhi yake, ilibeba mzigo wake wa hofu pia, ingawa hakuna aliyeihesabu hasara hiyo katika hesabu za samaki.

Halafu ukaja mradi wa bandari na barabara uitwao LAPSSET. Kuchimbwa kwa mkondo wa bandari ya Lamu kuliharibu mikoko na maeneo ya kuvulia. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Gati la kwanza lilizinduliwa Mei 2021. Mwaka mmoja kabla, Machi 2020, ndege za abiria za kimataifa zilikuwa zimesimama kwa sababu ya korona, na kila aliyetegemea mnunuzi wa ng'ambo aligundua kwamba biashara yake ilining'inia katika tumbo la ndege ya abiria.

Wapo waliojaribu njia ya kumnenepesha kaa. Kituo cha Kwetu huko Mtwapa na vikundi vya Mida Creek, kikiwemo kile cha Dabaso kinachojulikana kwa mgahawa wake juu ya mikoko, walichukua kaa wembamba waliotoka kujivua gamba, wakawafuga katika vizimba vya mbao na kuwalisha wiki chache hadi nyama ijae. Ni kazi nzuri, nayo iliwapa wanawake nafasi katika biashara iliyokuwa ya wanaume. Kasoro yake ni kwamba vifaranga wote hutoka mwituni. Vietnam imefika mahali pa kuangua kaa wachanga kwa wingi na kuwauzia wafugaji wa mabwawa. Sisi hatujafika huko, na mpaka tufike, kila kizimba kipya ni mdomo mwingine unaotegemea matope yaleyale.

Na matope hayo yanatoka juu. Mabwawa matano yamejengwa kwenye Tana kwa ajili ya umeme: Kindaruma 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Masinga ndilo kubwa, lenye uwezo wa kuhifadhi maji mita za ujazo bilioni 1.56. Tangu lijengwe, mafuriko ya Mei yamepungua nguvu, na maji ya miezi ya kiangazi yameongezeka kidogo. Kwa mtu wa Nairobi anayewasha taa, hiyo ni habari njema. Kwa Mpokomo aliyelima mpunga kwa kungoja mto ufurike na kuondoka, ni hasara. Udongo unaotua ndani ya Masinga haufiki Masalani, na usiofika Masalani haufiki Kipini.

Bahari nayo hujaza nafasi iliyoachwa. Wakulima wa Ozi wamelalamika kwa miaka mingi kwamba chumvi inapanda mtoni na kuua mpunga na miembe yao. Mikoko hustahimili chumvi, na mtu anaweza kudhani kaa atafaidika. Lakini mikoko ya delta hulishwa na udongo wa mto. Ikikosa udongo, fuo humomonyoka na miti huanguka, na lava wanaorudi kutoka baharini hukuta ukingo mtupu. Ghuba ya Ungwana, ambapo maji ya Tana na Sabaki huingia, imekuwa shamba la kamba la Kenya kwa sababu hiyohiyo ya rutuba. Meli za nyavu za kukokota zilivua hapo tangu miaka ya 1970, zikagombana na wavuvi wadogo hadi zikasimamishwa mwaka 2006, na kurejea baada ya mpango wa usimamizi wa 2010. Katika ugomvi huo wote, wenye meli na wenye mitumbwi walilaumiana juu ya nyavu. Mabwawa yaliyoko mamia ya kilomita juu hayakuitwa kutoa ushahidi.

Sasa kuna mpango wa bwawa jingine, High Grand Falls, ambalo kwa michoro iliyokwisha jadiliwa lingehifadhi maji zaidi ya mara tatu ya Masinga. Watu wa Ijara wana sababu zao za kulitazama: mifugo yao hunywa mtoni, na mafuriko ya mwishoni mwa 2023 yaliyokata barabara na kuhamisha maelfu Garissa na Tana River yaliwafanya wengi watamani mto uliofungwa. Matakwa hayo ni ya haki. Lakini katika mikutano ya hadhara ya miradi ya namna hii huketi wenye mashamba, wenye ng'ombe, na wataalamu wa umeme. Kamati za ufuo za Kipini na Ozi, zilizoundwa chini ya kanuni za 2007 kusimamia uvuvi, huhesabiwa kuwa watu wa bahari, na bahari ina wizara yake. Barabara mpya ya Lamu, Ijara hadi Garissa itakapokamilika, gari la kaa litaweza kupita Ijara likielekea Nairobi. Wavuvi wa chini na wafugaji wa juu watakuwa na njia moja ya kukutana. Siku ya kujadili ni maji kiasi gani yaachwe yateremke mwezi wa Mei, ningependa mvuvi wa Ozi apewe kiti Masalani, na mfugaji wa Masalani apewe kiti Kipini.